Jimu inayojua kusema hapana

Tangu nilipoanza kushindana katika pawalifti, swali ninaloulizwa zaidi hapa Lubumbashi, hasa na wauguzi wenzangu wadogo, ni hili: "Yaya, niende jimu gani?" Wanangoja niwatajie mtaa na bei ya mwezi. Jibu langu huwa refu kuliko wanavyotaka. Nimeona niliandike lote mahali pamoja, kwa sababu jimu inayomwandaa mtu kwa mashindano mara nyingi siyo ile inayovutia macho ukipita barabarani.

Kwanza mchezo wenyewe, maana watu wanauchanganya na mingine miwili. Kuna kujenga mwili, ambako waamuzi wanatazama umbo lako. Kuna unyanyuaji wa Olimpiki, ambako chuma kinatoka sakafuni mpaka juu ya kichwa. Pawalifti ina mambo matatu tu. Skwati: chuma kiko mabegani, unachuchumaa nacho na kusimama. Benchi: unalala chali, unashusha chuma kifuani, unakisukuma juu. Dedilifti: unakiinua kutoka chini mpaka umesimama wima. Kila moja unapewa nafasi tatu, na uzito mkubwa uliokubaliwa katika kila moja unajumlishwa. Jumla hiyo ndiyo inakupa nafasi yako kati ya watu wa kilo zako. Ukikosa nafasi zote tatu za skwati huna jumla tena, hata kama dedilifti yako inamshinda kila mtu aliyekuja.

Shirikisho la kimataifa, IPF, lilianzishwa mwaka 1972. Mchezo haumo katika Olimpiki, lakini umekuwamo katika World Games, mashindano ya dunia ya michezo isiyo ya Olimpiki, tangu 1981, na Paralimpiki ina benchi peke yake tangu 1984. Afrika Kusini imeshapokea mashindano ya dunia ya klasiki, yaani yale yasiyo na mavazi maalum ya kusaidia kunyanyua: Potchefstroom mwaka 2014 na Sun City mwaka 2022. Nawatajia vijana miji hiyo kwa makusudi. Malori yanayopita Kasumbalesa, mpakani kwetu na Zambia, kila siku yanatoka huko huko. Kwa mtu wa Lubumbashi, dunia ya mchezo huu haikai Ulaya tu.

Sasa, sheria moja inanipa kipimo cha jimu kuliko nyingine zote, nayo ni kina cha skwati. Ukichuchumaa, sehemu ya juu ya paja pale kwenye nyonga lazima ishuke chini ya sehemu ya juu ya goti. Siyo kulingana, ni kushuka. Waamuzi watatu wanatazama, mmoja mbele na wawili pembeni, kila mmoja ana taa nyeupe na nyekundu, na unahitaji nyeupe mbili. Mtu anaweza kufanya mazoezi miaka mingi bila kuwahi kushuka mpaka hapo, na asijue, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Chuma kizito mabegani kinakudanganya. Mwili wote unapiga kelele kwamba umefika chini, na bado.

Jimu ya kwanza niliyoingia iko katikati ya mji. Ni safi, ina jenereta, ina vioo ukutani na mashine zenye mito mizuri. Chuma cha skwati kimefungwa kwenye reli mbili zinazokiongoza juu na chini, na dedilifti imekatazwa ili vigae visipasuke. Kwa mtu anayetaka kupunguza sukari na kulala vizuri, hiyo ni jimu nzuri, na wagonjwa wangu kadhaa nimewashauri waende. Lakini chuma kinachoongozwa na reli hakikufundishi kukisimamia mwenyewe, na jimu isiyo na dedilifti imekunyima theluthi moja ya mchezo.

Ile niliyobaki nayo iko Katuba, ndani ya uwanja wa nyumba, chini ya mabati. Wakati wa mvua huwezi kumsikia mtu wa karibu. Msimu wa kiangazi vumbi jekundu linaingia kila mahali na tunafuta chuma kwa brashi kabla ya kukishika. Karibu kila kitu kimechomelewa mtaani: raki, yaani nguzo za kuwekea chuma, ni ya mabomba mazito ya mraba, na disiki kadhaa, zile za uzito zinazovikwa pembeni mwa chuma, ni gia za malori. Anayetufundisha ni mzee aliyestaafu kazi ya reli, nasi wote tunamwita Papa. Siku niliyokwenda kutazama, kijana mmoja mwenye kifua kipana alikuwa anafanya skwati na kilo 140, na rafiki zake wanashangilia. Papa alikuwa ameketi pembeni kwenye kiti kifupi sana, macho yake sawasawa na nyonga ya kijana. Kijana akasimama, akarudisha chuma, akageuka kumtazama.

"Ile haiko, mwana," Papa akasema. "Haujashuka. Toa disiki."

Na kijana akatoa disiki. Hakununa wala hakubisha. Rafiki zake waliokuwa wanashangilia wakamsaidia kuzitoa. Akafanya tena na kilo 110, akashuka kweli, na Papa akanyanyua mkono. Nililipa mwezi wangu jioni hiyo hiyo.

Hiki ndicho ninachowaambia wadogo zangu: kaeni pembeni saa nzima kabla ya kulipa, na msikilize kama kuna mtu anayesema hapana. Kisha mtazame anayeambiwa hapana anafanya nini. Jimu ambamo kila kinachonyanyuliwa kinapigiwa makofi itakutoa ukiwa na namba kubwa mdomoni, na siku ya mashindano utaona taa nyekundu tatu mbele ya watu.

Baada ya watu ndipo unatazama chuma. Chuma cha mashindano kina kilo 20, unene wake ni milimita 28 au 29, urefu hauzidi mita 2.2, na kina mikwaruzo ya kushikia yenye alama mbili zilizoachana sentimita 81. Kwenye benchi, kidole cha shahada hakiruhusiwi kupita nje ya alama hizo. Vifungio vya pembeni vina kilo 2.5 kila kimoja, kwa hiyo hata kabla ya disiki ya kwanza tayari una kilo 25. Mitaani kwetu chuma mara nyingi ni bomba tu. Bomba ni nene kuliko kiganja kinavyotaka, linateleza, na likipata uzito linapinda na kubaki limepinda.

Disiki nazo zipimwe. Herufi zilizochongwa juu yake si ushahidi. Jirani wa jimu yetu ni mama anayeuza unga wa mahindi, ana mizani ya kuwekwa chini, na kila kitu chetu kimepita hapo. Alipokubali tulianza na mfuko wake wa kilo 25 ili kuipima mizani yenyewe, kisha tukaleta disiki moja moja. Moja iliyoandikwa 20 ilikuwa na kilo 17 na nusu. Gia moja tuliyoiita kumi ilizidi kilo 12. Papa alichukua rangi nyeupe akaandika uzito wa kweli juu ya kila moja, na tangu hapo namba za jimu yetu ni namba ambazo unaweza kuzipeleka mahali pengine. Wapo walioona kilo zao zikipungua siku hiyo. Wapo pia waliogundua kwamba walikuwa na nguvu kuliko walivyodhani.

Disiki ndogo ndizo adimu kabisa, na bila hizo mtu anayeanza anakwama. Katika mashindano uzito huongezwa kwa kilo 2.5, maana yake kila upande kilo 1.25. Jimu nyingi disiki yao ndogo ni ya kilo 5, kwa hiyo kila hatua ni kilo 10. Mwanamke anayesukuma kilo 40 kwenye benchi hawezi kuruka mpaka 50 kwa wiki moja. Sisi tulikwenda kwa fundi wa kuchomelea anayenunua mitraye, yaani vyuma chakavu. Ukichukua bamba la chuma la milimita 8, ukakata duara la sentimita 17 na tundu katikati la zaidi kidogo ya sentimita 5, unapata karibu gramu 1,300. Unalisaga ukingoni polepole, unapima, unasaga tena, mpaka mizani ionyeshe 1,250. Jozi mbili za namna hiyo zimeibadilisha jimu yetu kuliko mashine yoyote ambayo tungeweza kununua.

Benchi pia ipimwe kwa tepu. Ya mashindano ina kimo cha sentimita 42 mpaka 45 na upana wa 29 mpaka 32. Mafundi wetu hupenda kuitengeneza ndefu kwenda juu, na mtu mfupi anabaki na visigino hewani, wakati sheria inataka nyayo zilale chini zote, na kichwa, mabega na makalio viguse benchi. Kwa watu wafupi inaruhusiwa kuweka vipande vya kukanyagia, mradi kimo chake kisizidi sentimita 30. Kitu kingine: kidole gumba lazima kizunguke chuma. Mtu anayeshika na vidole vyote upande mmoja, mwambieni aache, mashindano au pasipo mashindano. Nimemshona mdomo kijana ambaye chuma kilimtoka mkononi, na alikuwa na bahati kwamba kilipita mdomoni na siyo kooni.

Kwa hiyo raki iwe na vizuizi, yaani vyuma viwili vya pembeni vinavyokipokea chuma ukishindwa. Mahali pasipo navyo, pawe na watu wawili wanaojua kusimama. Nasema wanaojua, kwa sababu wapo wanaosimama huku wanatazama simu.

Kuna jambo Papa analolifanya ambalo sijaliona kwingine, na lilinisaidia sana. Anatupigia amri za mashindano katika mazoezi ya kawaida. Katika mashindano ya kimataifa zinatolewa kwa Kiingereza, naye hazitafsiri. "Skwati!" ndipo unashuka. "Raki!" ndipo unarudisha. Kwenye benchi ni "Stati!", kisha chuma kinatulia kifuani kabisa, kisha "Presi!", na mwisho "Raki!" Dedilifti ina moja tu, "Dauni!", ukishanyoosha magoti na mabega yako nyuma. Ukitangulia amri, hata kwa mtetemo mdogo, umepoteza, na uzito uwe mwepesi kiasi gani. Kule kungoja chuma kikiwa kifuani ndiko kunakowashangaza wanaotoka jimu nyingine. Wamezoea kukidundisha. Kilo walizozoea kusukuma zinagoma kabisa zikitulizwa.

Sasa kwa wanawake, kwa sababu ndio wanaoniuliza. Makundi ya uzito ya wanawake watu wazima katika IPF ni kilo 47, 52, 57, 63, 69, 76, 84, na zaidi ya 84. Mimi niko juu kidogo ya 69, nashindana katika 76, na sijawahi kujinyima bukari, ugali wetu, ili nishuke. Anayeanza asikaushe mwili. Mashindano ya kwanza yana mambo mengi ya kukumbuka, na njaa haikusaidii hata moja. Kula kama kawaida ya nyumbani: bukari, maharage, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa tomsoni, mayai ukiyapata. Kupima uzito kunaanza saa mbili kabla ya mashindano na kunachukua saa moja na nusu, kwa hiyo ukishashuka kwenye mizani una muda wa kula na kunywa.

Wanasema utakuwa na mwili wa mwanaume. Wanasema hutazaa. Nimefanya kazi wodi ya akina mama, na ninawajibu hivi: mwanamke wa hapa anabeba mfuko wa makaa kichwani na mtoto mgongoni, na hakuna aliyemwambia kwamba hatazaa. Mimi mwenyewe niliingia mchezo huu kwa sababu ya kazi. Kumgeuza mgonjwa asiyejiweza kitandani kulikuwa kunaniumiza kiuno kila zamu. Dedilifti ilinifundisha kusogeza mzigo karibu na mwili na kusukuma ardhi kwa miguu, na kiuno kimetulia.

Yapo mambo ya kuangalia ambayo mwanaume hataulizia. Je, pana mahali pa kubadilishia nguo penye mlango unaofunga? Umeme ukikatika saa moja jioni, njia ya kurudi nyumbani ikoje? Anayekusaidia kwenye skwati anasimama nyuma yako na mikono karibu na kifua chako. Je, alikueleza kabla atashika wapi, na uliruhusiwa kukataa? Papa aliwafundisha wasichana kusaidiana wao kwa wao mwezi wa kwanza tu, na suala likaisha. Vazi la mashindano ni la kipande kimoja na linabana. Ndani unavaa fulana, na kwenye dedilifti soksi ndefu za kufunika muundi. Mama mmoja wa kanisa letu alikuja kuniangalia akiwa na wasiwasi na hilo vazi. Alipoiona dedilifti ya mwisho alikuwa amesimama juu ya benchi.

Dawa. Hapa naongea kama muuguzi na sitapunguza maneno. Katika jimu kadhaa utakuta mtu mwenye mfuko mdogo wa sindano na vidonge, na nje ya jimu utakuta deksametazoni, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe, ikiuzwa kwa wasichana wanaotaka kunenepa. Kile kinachoongezeka ni maji na mafuta. Misuli inadhoofika, mifupa inadhoofika, sukari na presha vinapanda. IPF inafuata kanuni za WADA, shirika la dunia la kupinga dawa za kuongeza nguvu michezoni, na dawa za jamii hiyo, ukizimeza au ukidungwa wakati wa mashindano, zimekatazwa. Jimu ambayo mwalimu wake ndiye muuzaji, ondoka siku hiyo hiyo, hata kama ina raki nzuri kuliko zote mjini.

Mtu mwenye benchi bora kwetu alipata polio utotoni na anatembea kwa magongo. Aliichagua jimu hii kwa sababu hakuna ngazi na kwa sababu hakuna aliyemkataza kujaribu. Katika Paralimpiki benchi yao ni ndefu kuliko yetu ili miguu yote ilale juu yake, na wanaruhusiwa kuifunga kwa mikanda. Fundi wetu alirefusha benchi moja kwa ajili yake. Wanawake waliingia katika mchezo huo kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, na Wamisri na Wanigeria wamekusanya humo medali nyingi sana. Yeye huwafuata kwenye simu, na akinionyesha picha zao ananieleza jinsi kila mmoja anavyotuliza chuma kifuani. Anaona vitu ambavyo mimi sivioni.

Kabla ya kujiandikisha popote, uliza mashindano yanafuata sheria za shirikisho gani, maana yapo mengi na hayafanani. Vingine unavyohitaji mwanzoni ni vichache: viatu vyenye soli ngumu, kwa sababu soli laini inakuyumbisha, na baadaye mkanda usiozidi sentimita 10 upana na milimita 13 unene. Chaki ya shule haifai. Ya kunyanyulia ni ya magnesi. Poda ya mtoto kwenye mapaja kwa dedilifti inaruhusiwa na inasaidia.

Mashindano yetu ya kwanza yalikuwa ya jirani kwa jirani, jimu chache za mtaa, bila cheti wala kikombe. Papa alitafuta waamuzi wawili wasiotufahamu. Taa zilikuwa vipande vya kadibodi, upande mmoja mweupe na mwingine mwekundu. Ukimaliza kunyanyua una dakika moja kutaja uzito unaofuata, na huwezi kushusha, ni kupanda au kubaki. Kwa hiyo uzito wa kwanza uwe ule ambao unaweza kuufanya mara tatu mfululizo siku ambayo hukulala vizuri. Nilifungua skwati kwa kilo 85, nikapata 92.5, na 97.5 ikakataliwa kwa kadibodi mbili nyekundu. Mmoja wa waliokataa alikuwa Papa. Benchi ilikuwa 47.5. Dedilifti nilianza na 100, nikaenda 110, na ya mwisho nilimwacha Papa aandike, akaandika 117.5. Jumla kilo 257.5, zilizopimwa kwenye mizani ya mama wa unga, zikakubaliwa na watu wasionijua.

Sasa tunajenga jukwaa. Kanuni inataka lisipungue mita 2.5 kwa 2.5. Mbao tumepata, na mpira wa juu tumeukata kutoka mkanda wa zamani wa kusafirishia mawe mgodini, mzito sana, vijana wanne waliuburuta kutoka barabarani. Kinachobaki ni chuma chenyewe, cha kweli. Dereva anayekwenda Johannesburg amekubali kututafutia. Tumemwandikia vipimo vyote kwenye karatasi, kilo, unene, urefu, sentimita 81 kati ya alama na alama, na chini Papa ameongeza kwa herufi kubwa kwamba akipime kabla ya kulipa.